Kumi, Kumi na Tatu, Ishirini na Moja

Kutoka Horta mpaka Douarnenez
ni maili elfu moja mia moja na hamsini,
kama bahari ingekuwa karatasi
na upepo ungekuwa mtumishi.
Gawanya kwa maili tano kila saa, usiku na mchana,
utapata siku tisa na ushei.
Baba aliandika kumi kwenye batli,
kwa penseli, maana wino, alisema,
ni wa waliokwisha fika.

Hiyo ilikuwa namba ya kwanza, ya chombo.
Ya pili ilikuwa yetu.
Alimpigia mama kutoka kibanda cha simu gatini,
sarafu zikidondoka kama meno ya mtoto:
"Kumi na tatu, Soizic. Mwambie na Bleuenn."
Ya tatu hakuambiwa mtu ila mwenye duka:
maji, viazi, mikate iliyokaushwa mara mbili,
mafuta ya taa,
vyote vya siku ishirini na moja.

Nilipotimiza miaka minane nilimwuliza
ipi ndiyo kweli kati ya hizo.
Alikuwa akimenya kitunguu, hakuinua macho.
"Ya kwanza ni hesabu.
Ya pili ni ahadi.
Ya tatu ni adabu mbele ya maji."

Na siku ya kumi na tatu, kila safari,
tulisimama gatini, mimi na mama,
kofia zimefungwa kidevuni,
na lile tanga jekundu lililopauka likachomoza
kama mtu aliyetumwa chumvi dukani
akarudi na chenji kamili.
Wengine walichelewa wiki. Wengine hatuwataji.
Mjini wakasema Goulven ana mkataba na upepo.
Mimi nikajigamba shuleni.

Mwaka huu magoti yake yamegoma.
Chombo ni changu sasa, na kreti ya batli zake,
kurasa zimevimba kwa unyevu, zanuka lami.
Nimezisoma hapa Horta nikitafuta wastani:
wapi shwari ilimshika, wapi alikwenda bisho
siku tatu kuchuma maili za siku moja,
wapi pepo za kusi-magharibi zilimbeba
kama mzigo uliolipiwa.
Nikafika Juni ya mwaka wangu wa nane.

*Siku ya kumi na moja. Alfajiri.
Nanga, Morgat. Nimewahi. Nasubiri.*

Na chini yake:

*Siku ya kumi na mbili. Mvua. Nasubiri.
Taa za kwetu zaonekana ng'ambo ya ghuba.
Ya jikoni imezimwa saa nne na nusu.*

Nikarudi nyuma, nikaenda mbele.
Morgat, Morgat, Morgat.
Mara tisa, kisha nikaacha kuhesabu.

Nimempigia jioni hii.
Kwanza alikohoa, kisha akapunguza redio.
"Ukiwahi mara moja, binti yangu,
kuwahi kunageuka deni.
Safari ya pili wangekuja gatini siku ya kumi na moja,
na mama yako angesimama siku mbili
akinizika kichwani mwake
nami ni mzima, nakula viazi."

Mama hakujua?

"Aliwahi kuniuliza mara moja
baharini nanyolea ndevu wapi
hata nirudi na kidevu laini hivi.
Nikamwambia shwari ilikuwa nyingi.
Akanitazama.
Hakuuliza tena, ila tangu siku hiyo
taa ya jikoni ikawa inachelewa kuzimwa.
Angalia batli za mwisho."

Nimeangalia. Saa sita. Saa nane.
Moja imeandikwa tu: *haikuzimwa.*

"Basi," akasema, "supu niiandae siku ya ngapi?"

Nikatazama karatasi yangu, ile kumi ya penseli.
"Ya kumi na tatu, baba."

Kimya kidogo. Nikamsikia akitabasamu,
kama mtu anavyosikika akivua kiatu.
"Haya. Ya kumi na tatu."

Nikakata simu nikatoka mbio:
duka lilikuwa linafungwa,
na viazi bado sikuwa navyo.